Makaroni Niliyowapikia Koboko

Jumatatu, Arua. Mvua imeanza asubuhi na haina dalili ya kuacha. Maji mekundu yanapita mbele ya mlango yakibeba majani na maganda ya mihogo. Nimetoka nyumbani mara moja tu leo, na nilikokwenda nitaeleza. Sasa nimekaa chini na daftari kuukuu la shule la binti yangu Sauda, kurasa za mwisho ambazo hakuzitumia.

Mikono yangu inanuka jibini.

Nimeisugua kwa majivu, maana sabuni haipo mji mzima, na harufu haitoki. Imekaa chini ya kucha. Kila nikiinua mkono kuandika, inanijia puani, na kila inaponijia namwona yule mgeni wa jana akinyoosha sahani yake aongezwe.

Naandika kwa sababu nisipoandika nitaanza kujidanganya kwamba nilifanya jambo la maana jana. Sikufanya.

Nianze na Rajabu, mume wangu. Alikuwa dereva wa lori la tumbaku. Sasa ni mwaka mmoja na miezi mitatu tangu Jumanne ile alipoondoka na mzigo kuelekea kusini. Alikunywa chai bila sukari, akalalamika kidogo, akamvuta Sauda sikio, akaenda. Hakurudi. Wiki tatu baadaye nililiona lori lake likipita kwenda upande wa mpaka wa Kongo, limepakwa rangi ya kijani, limejaa magunia. Nililijua kwa ubao wa nyuma ambao Rajabu aliutengeneza mwenyewe kwa mbao za mvule. Aliyekuwa kwenye usukani simjui.

Watu walianza kunipa habari, kila mmoja na yake. Yuko Kongo na mwanamke. Yuko gerezani Kampala, atatoka siku ya sikukuu. Ameonekana Juba akiuza viatu. Nilizipokea zote. Ya mwanamke wa Kongo niliipenda kuliko nyingine. Siku nyingine nilimwomba Mungu iwe kweli.

Mwanamke ambaye mumewe hajulikani alipo hana pa kukaa. Si mke, si mjane. Harusini wanamwangalia, msibani wanamwangalia. Nilipiga pasi mashati yake kila Ijumaa. Niliweka nyembe zake mahali pake. Mama yake, mzee wa kijiji cha Ajia ambaye ni Mlugbara na Mkristo, alikuja kukaa nami ili nisiwe peke yangu. Mwanawe alisilimu ili anioe mimi, binti wa Kinubi, na akawa Rajabu. Lakini mama yake mpaka leo anamwita Candia, jina alilompa mwenyewe, na mimi sijawahi kumkataza.

Mtu mmoja tu angeweza kuniambia ukweli. Mdogo wangu Mastura ameolewa Koboko na Kapteni Khamisi. Huyo shemeji yangu ni mwanajeshi, anajua mambo yote ya barabara ile ya kusini, nani amepita, nani amesimamishwa, nani hakupita. Nilimwendea mara tatu. Mara ya kwanza alisema, "Mimi nitauliza, shemeji." Mara ya pili alisema, "Nimeuliza, ngoja kidogo." Mara ya tatu hakutoka chumbani. Mastura alikuja sebuleni na sabuni mbili na pakiti ya chai, akanikumbatia, akanisindikiza hadi barabarani.

Nilimshukuru. Nilimwambia, mdogo wangu, Mungu akulinde.

Alhamisi iliyopita Mastura alituma gari. Dereva alikuwa na ujumbe: Jumapili kuna wageni wakubwa kutoka Kampala, wanakula mchana kwa Kapteni. Mmoja wao anapenda sana makaroni ya kuoka, yenye vitu vya bahari na jibini, aliyoila katika hoteli fulani kando ya ziwa. Kapteni amejisifu mbele yake kwamba shemeji yake wa Arua anaipika kuliko hoteli. "Dada njoo," Mastura aliandika. "Akishiba atakuwa na roho nzuri. Utamwuliza habari ya Rajabu, na safari hii atakujibu. Ameniahidi."

Ni kweli naijua makaroni hiyo. Nilifanya kazi miaka sita katika nyumba ya daktari mmoja Mzungu, na mke wake, Madamu, alinifundisha. Tulikuwa tunaipika Krismasi na siku za kuzaliwa, kwa sangara wa Nile kutoka Rhino Camp na kopo moja la kamba wa bahari. Wahindi walipofukuzwa, mwaka wa nne huu, haikupita muda daktari na mkewe nao wakafunga masanduku yao. Madamu aliniachia mwiko wake na aproni. Tangu wakati huo sijaona makaroni hata kwa mbali. Sisi hapa tunatafuta chumvi.

Basi nikaenda. Nilifua aproni ya Madamu kwa maji matupu, nikaikunja vizuri. Mama mkwe alinitazama nikifunga kifurushi changu.

"Unaenda kupikia hawa watu?"

"Naenda kuuliza habari ya Rajabu, mama."

"Ukiuliza, uliza na mahali iko," alisema. "Si kusema tu iko ama haiko. Mahali."

Niliitikia.

Nilifika Koboko Jumamosi asubuhi. Mastura alinipokea kwa vigelegele kama bibi harusi. Akanipeleka stoo, akawasha taa ya mkononi, na mimi nikasimama pale mdomo wazi. Sukari magunia mawili. Chumvi. Mafuta ya kupikia. Masanduku ya makopo yenye maandishi ya nje, yaliyokuja kwa ndege. Kamba wa baharini, chaza, ngisi waliokatwa kama pete, maziwa ya unga, siagi, jibini ya kopo. Pakiti za makaroni zilizopangwa hadi juu. Arua mama mjamzito anakula uji bila chumvi; mwendo wa saa mbili tu kutoka pale kuna ngisi.

Nilipaswa kuuchukia mzigo ule pale pale. Sikuuchukia. Nilizishika pakiti zile za makaroni nikazinusa.

Jiko lao ni kubwa, jeupe, la gesi, lenye tanuri la mlango wa kioo. Lilitoka katika nyumba ya Mhindi mmoja. Gesi haipatikani Koboko, kwa hiyo Mastura anaweka viatu ndani yake. Nilicheka, naye akacheka, na kwa muda kidogo tulikuwa wasichana wawili tena. Nikamwambia usijali, tutaoka kwa sufuria kubwa, mchanga chini, makaa juu ya kifuniko, kama mama alivyokuwa anaoka mikate ya Idi.

Jumapili tulianza mapema. Wanawake wanne wa jirani walikuja kusaidia. Nilipofungua kopo la kwanza la kamba kwa kisu, mmoja alirudi nyuma akashika kifua.

"Hii ni panzi ama ni funza?"

"Ni ya bahari," nikasema.

"Bahari iendelee kukaa nayo. Kumbikumbi yetu iko na shida gani?"

Wote walicheka. Mimi pia. Ninaandika hili ili lisisahaulike: asubuhi ile nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimefunga aproni, nilikuwa na siagi ya kweli mbele yangu, na mchana ningepata jibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu lolote. Ndivyo nilivyodhani.

Nilichemsha makaroni nikayatoa yakiwa bado magumu kidogo katikati, maana yatamalizikia kwenye moto wa pili. Sangara walioletwa kutoka mtoni niliwachemsha kwenye maziwa na jani kavu la kutia harufu, nikawachambua miiba kwa vidole, mmoja mmoja. Kisha rojo. Rojo ndilo roho ya chakula hiki. Unayeyusha siagi, unatia unga wa ngano, unakoroga usiache, hata mtoto akilia usiache, kisha unamimina maziwa kidogo kidogo huku mwiko ukizunguka. Ukiacha, linafanya mabonge, na mabonge hayatoki. Langu lilitoka laini kama krimu. Nikatia pilipili manga, nikatia kungumanga, nikatia jibini nusu. Nikachanganya na kamba, ngisi, chaza na sangara, nikapanga na makaroni tabaka kwa tabaka katika mabati mawili makubwa. Juu nikanyunyiza jibini iliyobaki na mkate mkavu niliousaga kwa chupa.

Nilikaa kando ya moto ule saa nzima, nikiongeza makaa juu, nikipunguza chini. Nilipofunua, ganda lilikuwa la rangi ya dhahabu, limepasuka pembeni, rojo linatokota kwenye nyufa. Wanawake walisogea karibu. Yule aliyesema funza alisema, "Kumbe."

Nilijisikia fahari. Nakiri.

Saa saba mchana waliketi mezani wanaume sita. Mastura alipeleka bati moja, mimi la pili. Nilisimama nyuma ya kiti cha Kapteni na kijiko kikubwa, kama nilivyokuwa nasimama kwa daktari. Walikula bila kuongea kwanza, na mpishi anajua maana ya kimya kile. Mgeni mkuu, mtu mnene wa pete mbili, alimaliza sahani akafuta mdomo.

"Khamisi, hii imepita ile ya hoteli," alisema. "Haki ya Mungu, imepita."

"Mimi nilikuambia," Kapteni akasema. "Huyu ni shemeji yangu. Kaltuma, njoo mbele wakuone."

Nilikwenda mbele.

Yule mgeni alinitazama kuanzia kichwani. "Na huyu mama iko na bwana?"

Nilifungua mdomo nijibu. Kapteni alinitangulia. Alikuwa na chakula mdomoni, akakisogeza upande mmoja wa shavu ili aseme.

"Hana. Alikuwa na bwana, dereva fulani. Huyo alikwisha kitambo."

"Kitambo?"

"Kitambo sana. Wiki ile ile aliyotoka Arua walimshusha pale karibu na daraja. Mtu mbishi." Akameza. Akanicheka machoni, akacheka na mwenzake. "Eda yake imeisha, usiogope. Ukitaka mpishi, chukua."

Wakacheka wote. Si kicheko kibaya. Kicheko cha watu walioshiba.

Sasa nitaandika nilichofanya, na sitakipamba. Yule mgeni alinyoosha sahani yake. Nami nikamwongeza. Nilichagua upande wenye ganda zuri, nikachota, nikaweka katikati ya sahani bila kudondosha hata tone. Nikasema, "Karibu." Sauti yangu ilikuwa ya kawaida. Nikazunguka meza nikiwauliza wengine. Wawili walitaka zaidi, nikawapa. Kapteni alitaka, nikampa.

Miezi kumi na mitano nilikuwa nimepanga maswali. Nilikuwa nayo kichwani kwa utaratibu. Na mtu mwenye majibu alikuwa ameketi mkono mmoja kutoka kwangu, ameshiba, ana roho nzuri, kama nilivyoahidiwa.

Sikuuliza hata moja.

Nilirudi jikoni na bati tupu. Mastura alikuwa ameinama juu ya sufuria, anakwangua jibini iliyoshika pembeni, anakula kwa kidole. Wale wanawake walikuwa nje wakiosha vyombo. Nilisimama nyuma yake.

"Mastura. Ulijua?"

Hakugeuka. Hapo ndipo nilipojua kabla hajajibu.

"Nani amekuambia?"

"Bwana yako. Mezani. Mbele ya watu."

Alifuta kidole kwenye nguo. "Alikuwa amesema atakuita kando. Aliniapia atakuita kando, dada."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu juma lile." Sasa aligeuka. Uso wake ulikuwa umekuwa mdogo. "Walitaka lori. Rajabu akasema lori si lake, hawezi kutoa ufunguo bila karatasi ya kampuni. Unamjua Rajabu. Walimwambia mara mbili, na yeye anasema karatasi, karatasi."

Ninamjua. Ndivyo alivyokuwa. Hata mkate wa duka aliudai risiti. Nilisikia sauti yake kabisa ikisema neno hilo, na ndipo nilipokaa kwenye gunia la mkaa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanya nini? Ungelia. Arua nzima ingesikia, wangeuliza nani amekuambia, na jibu lingekuwa mimi. Mimi ninalala na mtu huyu, dada. Wewe unamwona siku moja ukaenda zako. Mimi niko hapa." Alianza kulia, kwa sauti ya chini, huku akitazama mlango. "Halafu nilikuona una matumaini. Nilisema, acha awe na matumaini kidogo."

Ningeweza kumsamehe woga. Naapa ningeweza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka tu kumpakulia chakula mtu aliyemcheka mume wangu. Woga wa Mastura ni wangu pia, tumenyonya titi moja.

Lakini nikakumbuka Idi.

Idi ile ilikuwa miezi mitatu baada ya Rajabu kuondoka. Mastura alikuja Arua na hina ya Sudani. Nilimwambia sina moyo wa kujipamba. Akasema, hapana dada, Rajabu akirudi akukute mzuri. Akanikalisha kwenye mkeka, akanishika mikono, akanichora mwenyewe, vidole vyote kumi, na nyayo. Ilichukua mchana mzima. Tulikuwa tunaimba. Jioni tulikwenda kwenye doluka, ngoma yetu ya Kinubi, kwa jirani, nikacheza mpaka jasho likanitoka, na yeye akinipigia makofi.

Mume wangu alikuwa ardhini. Mwanamke aliyefiwa hagusi hina. Hachezi ngoma. Kila mtoto wa kike wa Kinubi analijua hilo kabla hajajua kusuka nywele. Na yeye, ambaye alikuwa anajua, alinishika mikono akanichora maua.

"Ulinipaka hina," nikamwambia.

Alitazama mikono yangu, kisha yake.

"Ulinipaka hina, Mastura."

"Ningefanya nini?" akasema. "Ungeuliza kwa nini sikupaki."

Nilivua aproni. Alinifuata hadi uani na kikapu: sukari, chumvi, makopo mawili ya maziwa, na makaroni ya kutosha mwezi. Alikiweka miguuni mwangu. Akaninong'oneza, "Dada, nakuomba, usikae eda. Ukivaa nguo nyeupe watu watauliza umeambiwa na nani. Omboleza ndani ya roho. Kwa ajili yangu."

Kikapu nilikiacha pale pale uani, ingawa namkumbuka Sauda anavyopenda sukari, na hilo pia liniume ipasavyo.

Dereva alinifikisha Arua saa kumi na moja jioni. Mama mkwe alikuwa barazani anachagua maharage kwenye ungo. Aliniona nikitembea kutoka barabarani, akaweka ungo chini polepole.

"Wamesema nini?"

"Amekufa, mama. Wiki ile ile."

Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari ya mvua. Nadhani alilijua zamani, kwa njia yake. Alichouliza ni kile kile alichoniagiza.

"Candia iko wapi?"

Nilishika nguzo ya baraza.

"Mahali gani? Wamemweka mahali gani?"

"Sikuuliza, mama."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliangalia maharage yake, akasema, "Hukuuliza." Mara moja tu. Kisha akaingia ndani akaanza kufunga vitu vyake.

Na hapa kuna aibu yangu ya pili, labda kubwa kuliko ya kwanza. Nilimfuata ndani nikamwomba asilie. Nilimwambia maneno ya Mastura, karibu yale yale: kwamba watu watauliza, kwamba kuna mtoto, kwamba tuomboleze ndani ya roho. Yule mzee alikaa juu ya kitanda chake, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Candia si mwizi," alisema. "Mwizi ndiyo watu wanazika kimya. Mimi nitaenda Ajia kesho. Nitaambia watu yangu. Tutapiga ngoma ya kilio, tutalia mpaka kule Logiri wasikie. Kama hawa watu wanataka kuja, wakuje. Mimi iko mzee. Wataniua mara ngapi?"

"Na mimi, mama?"

"Wewe ndiyo unajua dini yako inasema nini."

Leo asubuhi ameondoka, kwa miguu, mvua ikinyesha, amejifunika gunia kichwani. Sauda alimsindikiza hadi njia panda. Kilio chake kilianza kabla hajafika huko. Nilimsikia kutoka hapa mlangoni, na jirani zangu walimsikia, na madirisha yakafunguka moja baada ya jingine.

Nikavaa nikaenda kwa mwalimu wa msikiti wetu. Hiyo ndiyo safari yangu ya leo. Ni mtu mpole aliyetuozesha mimi na Rajabu. Nilimweleza yote, isipokuwa jina la Kapteni, na hakuliuliza. Alikwenda akafunga dirisha, kisha akarudi akakaa.

"Mama Sauda," alisema, "eda inahesabiwa tangu siku mume anapofariki, si siku mke anapopata habari. Miezi minne na siku kumi zako zimepita. Zimepita bila wewe kujua. Huna deni lolote."

"Nilicheza doluka ndani yake, mwalimu. Nilipaka hina."

"Hukujua. Mungu hamlaumu asiyejua."

"Na aliyejua?"

Mwalimu aliangalia tasbihi yake. Akahesabu shanga chache. "Huyo," alisema mwishowe, "tumwombee."

Nilipokuwa nasimama akaniambia kwa sauti ya baba, "Hulazimiki kukaa, binti yangu. Na ukikaa, wataona."

Kwa hiyo Kapteni alisema kweli. Eda yangu imeisha. Niliimaliza nikikaanga mandazi sokoni, nikicheka na wateja, nikipiga pasi mashati ya maiti. Waliniibia mume, hilo walifanya kwa sababu ya lori. Lakini siku zake za msiba, zile zilizokuwa zangu, ambazo hata maskini wa mwisho hapa mjini hanyimwi, zile niliibiwa na mtu aliyenipenda.

Nimefikiri tangu nilipotoka kwa mwalimu. Nimemfikiria Mastura, na mtu anayelala naye, na kama atarudi kumwuliza nani aliropoka, ingawa aliropoka mwenyewe mezani mbele ya watu watano. Nimemfikiria Sauda. Nimefikiri kwamba mwanamke mwenye akili angenyamaza, angefua aproni yake, na mwezi ujao wakimwita tena Koboko angekwenda akapike.

Nimesikia pia, nadhani nimesikia, ingawa Ajia ni mbali na mvua ni kubwa, yule mzee akilia.

Sauda amerudi kutoka njia panda amelowa. Nimemkausha, nimemweleza. Hakulia mara moja. Aliuliza kama mashati ya baba tutayagawa. Nikamwambia ndiyo, ila moja lake, achague. Amechagua lile la kijivu, amelivaa, limemfika magotini, na sasa amelala nalo hapa ubavuni mwangu, mchana huu.

Nimetoa shuka nyeupe sandukuni nimejitanda. Nimevua bangili. Mlango wa mbele nimeuacha wazi kabisa ili apitaye barabarani anione nimekaa chini, kwenye mkeka, bila kiatu. Jirani wa kwanza ameshapita, akaniona, akasimama kwenye mvua, akaniinamia kichwa. Wa pili alipita haraka akitazama upande mwingine. Nawaelewa wote wawili.

Siku mia moja na thelathini. Sina deni nazo, mwalimu amesema. Nitazikaa.

Leo ni ya kwanza. Kesho itakuwa ya pili.